Moduli moja, kozi nne: somo la mtandaoni tuliandikeje ili lisiandikwe upya kila muhula?

MkufunziKisauni (mwanzilishi wa uzi)

Salaam nyote, wakubwa kwa wadogo.

Nafundisha katika chuo cha ufundi cha binafsi hapa Mombasa. Uongozi umeamua kozi zetu nne ziingie mtandaoni: umeme wa majumbani, upishi na huduma za hoteli, uwakala wa forodha, na usalama wa msingi kwa mabaharia. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, imeshawekwa, seva ipo, kila mkufunzi kapewa akaunti na kuambiwa aweke masomo yake.

Sasa tazameni kilichotokea. Kozi zote nne zina huduma ya kwanza. Zote zina usalama kazini, maana sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 haibagui mpishi na fundi wa umeme. Na mtaala huu wa umilisi unaosimamiwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na upimaji wa vyuo vya ufundi, ndio umezidi: kozi zimekatwa vitengo, na vile vitengo vya msingi kama mawasiliano, ujuzi wa kidijitali na ujasiriamali unavikuta huku na kule, kozi baada ya kozi. Kwa hivyo wakufunzi wanne wameandika huduma ya kwanza mara nne. Mmoja ana slaidi, mwingine PDF iliyopigwa skani imelala ubavu, wa tatu vidio ya dakika 40, wa nne picha za kurasa za kitabu alizopiga kwa simu. Ukisoma slaidi na ile PDF, kina cha kubonyeza kifua cha mgonjwa hakilingani. Mwanafunzi akiuliza ipi ni ya kweli, mimi namjibu nini?

Nataka kitu kimoja kiandikwe vizuri mara moja, kisha kitumike kozi zote. Nimesoma habari za SCORM, ule utaratibu wa kufungasha somo ili liendeshwe na mifumo mbalimbali, mpaka kichwa kimeniuma. Waliofanya kazi hii, nianzie wapi?

MtotoWaMjini

Maalim mbona wajitafutia kazi? Andika moja nzuri, kila mtu akopi kwenye kozi yake. Moodle ina sehemu ya kuleta vitu kutoka kozi nyingine. Kwisha.

SaniMasomo

@MtotoWaMjini kukopi ndio maradhi yenyewe, ndugu yangu. Siku ya kwanza una nakala nne zinazofanana. Muhula ukiisha kila mwenye kozi kagusa yake: huyu kaongeza picha, yule kafuta swali asilolipenda. Miongozo ya kufufua moyo hupitiwa upya kila baada ya miaka kama mitano. Ikibadilika, nani atazunguka kozi zote akirekebisha? Hapo ndipo mnapata kina cha kubonyeza kifua cha aina mbili chini ya paa moja.

@MkufunziKisauni, hamu yako ni ya zamani, na inafaa ujue wenzako ilikowafikisha. Wizara ya ulinzi ya Marekani ilianzisha mpango wa mafunzo ya kompyuta, ADL, mwaka 1997 kwa sababu hiyohiyo: masomo yaleyale yanalipiwa mara kadhaa, na somo lililotengenezwa kwa mfumo mmoja haliendeshwi na mfumo mwingine. Hapo ndipo SCORM ilipotoka, toleo la kwanza 2000, na 1.2 mwaka 2001, ambalo mpaka leo ndilo utakalolikuta kila mahali. Miaka hiyo Wayne Hodgins, mtaalamu wa mafunzo, alikuwa akieneza fikra ya vipande vya masomo vinavyopachikana kama matofali ya LEGO. Ghala kubwa za vipande zikajengwa. Vingi vikalala humo visiguswe.

Aliyeeleza sababu vizuri kupita wote, kwa maoni yangu, ni mtafiti wa elimu David Wiley. Alionyesha kwamba kadiri kipande kinavyobeba muktadha ndani yake, ndivyo kinavyomfundisha mtu vizuri, na ndivyo kinavyokuwa kigumu kukipeleka kwingine. Ukikisafisha muktadha wote kitaingia popote, lakini ni kikavu, hakimfundishi yeyote. Ukilielewa hili mapema utajiepusha na mambo mawili ninayoyaona kila siku: mtu anayetaka kozi nzima itumike tena (haitumiki), na mtu anayekatakata somo mpaka lisomeke kama kamusi.

Mimi sijaribu kutumia *somo* tena. Natumia tena vitu vitatu tu: lengo, onyesho, na maswali ya lengo hilo. Mlango wa kuingilia somo, kisa, na mazoezi ya kazini naviacha viandikwe na mwenye kozi.

Chukua hiyo huduma ya kwanza yako. Kubonyeza kifua cha mtu mzima: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mibonyezo 30 kisha pumzi 2. Hayo hayabadiliki, uwe jikoni Nyali au kwenye chumba cha injini. Hiki ni kipande. Onyesho fupi, picha ya mahali mikono inapowekwa, maswali kadhaa, basi. Lakini namna mgonjwa alivyofika chini ni mambo tofauti kabisa. Fundi wa umeme kwanza akate umeme ndipo amshike mtu, la sivyo watakuwa maiti wawili. Mpishi shughuli yake kubwa ni kuungua, na huko kuna kipande kingine: maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, hapana samli, hapana dawa ya meno. (Dawa ya meno! Hii itatuzika sote.) Basi mkufunzi wa upishi anaandika ukurasa wake mmoja, mafuta ya kukaangia bajia yamemmwagikia mtu mkononi, kisha anaita kipande cha kuungua. Wa umeme anaandika wake. Kipande hakijui kimeitwa na nani.

Na hapo kwenye "hakijui" ndipo penye kazi ya mikono. Pitia maandishi na uondoe kila neno linalokifunga kipande: "kama tulivyoona wiki jana", "katika kozi hii ya upishi", "mwalimu wako atakueleza", "muhula huu". SCORM wenyewe wana kanuni inayofaa kuigwa hata usipotumia SCORM: kipande kimoja hakiruhusiwi kumpeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye kipande kingine. Mpangilio ni kazi ya mfumo. Ukiweka kitufe cha "endelea kwenye somo la 4" ndani ya kipande, umekiua.

Kuhusu ukubwa, watu hubishana dakika 5 au 15. Mimi siangalii saa. Najiuliza: naweza kumpima mtu kwa kipande hiki peke yake, bila yeye kuwa amesoma kingine? Nikiweza, hapo ndipo pa kukata.

KapteniMstaafu

Nimekusoma vizuri, mwanangu, ila simamia hapo hapo. Umesema 30 kisha pumzi 2 hayabadiliki, hata kwenye chumba cha injini. Chumba cha injini sawa. Na mtu tuliyemtoa majini je?

Aliyezama, moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Yeye huanzwa na pumzi. Mwongozo wa Ulaya unataka pumzi 5 za kuokoa kabla ya kubonyeza kifua. Sasa hicho kipande chako "kisichojua kimeitwa na nani" kikiingia kwenye kozi ya mabaharia, au tuseme ya vijana wa mashua kule Mtongwe, kinawafundisha waanze na kifua. Somo la pamoja limekuwa kosa la pamoja.

Jambo la pili. STCW ya 1978, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, pamoja na marekebisho ya Manila ya 2010, imegawa mafunzo ya msingi ya usalama sehemu nne: kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza ya awali, na usalama binafsi na wajibu kwa wenzako. IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, ina kozi ya mfano kwa kila moja, 1.19, 1.20, 1.13 na 1.21. Kwa hivyo sisi watu wa bahari tulikuwa na moduli kabla hamjatuletea kompyuta. Lakini kijana lazima avae boya la kujiokolea aruke majini mbele ya macho yangu, na araufu iliyopinduka ailaze sawa akiwa ndani ya maji. Hilo halipakiwi kwenye seva. Mkufunzi, usije ukampa mtu cheti kwa kubofya.

MkufunziKisauni

Araufu ndio nini Kapteni?

KapteniMstaafu

Kidole kimeteleza, simu hii ina herufi ndogo. Boya kubwa la kujiokolea, lile la kujazwa hewa linalopandwa na watu wengi.

SaniMasomo

Ahsante Kapteni, umenishika pazuri, na mfano wako ni bora kuliko wangu kwa sababu unaonyesha mpaka wenyewe.

Tazama kilichobadilika kwa aliyezama. *Namna* ya kubonyeza ni ileile: mikono palepale, kina kilekile, kasi ileile. Namna ya kutoa pumzi ni ileile. Kilichobadilika ni *mfuatano*. Basi mfuatano ndio unaotolewa nje ya kipande. Vinakuwa vipande viwili vya ustadi, kubonyeza na kupumulisha, na juu yake ukurasa wa mfuatano ulio mali ya kozi: nchi kavu unaanza hivi, majini unaanza vile. Hata ile hesabu ya 30 kwa 2 ihamie huko juu.

Ndiyo maana siku hizi sipendi kukata vipande peke yangu ofisini. Nawaita wakufunzi wa kozi zote mezani, naweka kipande mbele yao na kuuliza swali moja: kwako wewe, hapa ni wapi maneno haya yangekuwa uongo? Wasipojibu kitu, kipande kimekaa. Wakijibu, tumepata mstari wa kukata. Hakuna programu itakayokufanyia hili.

Na cheti nakubaliana nawe kwa asilimia mia. Mtandaoni weka nadharia na matayarisho, ili kijana akifika bwawani asipoteze saa nzima akielezwa kamba ipi ya nini. Kupimwa ni bwawani.

FundiSeva

Naona mmeshiba falsafa, wacha niseme ya jikoni kwangu.

La kwanza na la muhimu kuliko yote: faili la SCORM si chanzo. Ni zao. Ndani ya ile zip, faili lililobanwa, kuna imsmanifest.xml, yaani orodha ya vilivyomo, na kurasa zilizokwisha kusagwa. Kuna chuo, sikitaji, walinunua masomo yakiwa zip tupu, yote yamejengwa kwa Flash, programu ya Adobe ya michoro inayotembea. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wakafunga Flash, vivinjari vikaizima, na maktaba yao ya masomo ikawa giza. Si kwamba maarifa yamepitwa na wakati, la. Hawakuwa na chanzo. Aliyeyatengeneza kashaondoka, na hakuna aliyejua michoro ya awali iko wapi. Kwa hivyo mkiandikisha mtu kazi, andikeni kwenye mkataba: tunataka maandishi, picha zinazoharirika, sauti ghafi, na maswali kama maandishi. Zip baadaye.

Sisi tunaandika kwa Markdown (maandishi yenye alama chache tu), michoro SVG (inaharirika), maswali kwa GIFT ambayo ni maandishi matupu. Swali linaonekana hivi, = ni jibu sahihi na ~ ni makosa:

Aliyeungua apozwe vipi? { =Kwa maji ya bomba yanayotiririka ~Kwa samli ~Kwa dawa ya meno }

Mwalimu yeyote anaweza kulisoma bila kufunzwa programu. Yote yanakaa kwenye Git, programu ya kutunza matoleo, nani kabadili nini na lini inaonekana. Kufungasha kwa ajili ya Moodle ni hatua ya mwisho kabisa, na mfumo ukibadilika tunafungasha upya.

Pili, kama mtatumia SCORM, tumieni 1.2 na vifurushi vidogo. Moodle inaikubali 1.2 vizuri, ile ya 2004 haikuwahi kuikamilisha. Na 1.2 inampa mwanafunzi nafasi ya herufi 4,096 tu ya kukumbuka alipofika. Ukimpa kozi nzima ndani ya kifurushi kimoja, nafasi hiyo inajaa katikati ya safari. Akirudi kesho anarudishwa mwanzo, na lawama zinakuja kwangu mimi na seva yangu.

Mimi kwa kweli ningeanza na H5P, chombo cha kutengeneza masomo na maswali ya kubofya. Waliianzisha Wanorwe 2013, ni bure, na tangu Moodle 3.9 ya 2020 kuna hazina ya maudhui ndani ya Moodle yenyewe. Siri iko hapa: unapoichomeka kwenye kozi, Moodle inakuuliza utengeneze nakala au kiungo cha faili lile. Chagua kiungo. Ukirekebisha la asili, kozi zote nne zimerekebika. Ukichagua nakala umerudi kwa MtotoWaMjini.

Maswali nayo yagawe kwa lengo, si kwa kozi wala kwa muhula. Jamvi la maswali la "kuungua", jamvi la "kubonyeza kifua". Mtihani wa kila kozi unachota kwa bahati nasibu kutoka majamvi unayoyataja. Tangu Moodle 4.0 ya 2022 kila swali lina matoleo, kwa hivyo ukilihariri la zamani halipotei.

Kuna watakaokwambia ingia xAPI, inarekodi kila kitu anachofanya mwanafunzi. Ni kitu kizuri, toleo la 1.0 lilitoka 2013. Kwa kozi nne achana nayo. Kila unachorekodi juu ya mtu, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuuliza unakitakia nini.

MtotoWaMjini

Nimesingiziwa mpaka nimekuwa msemo 😂 Lakini swali: kiungo kikirekebishwa katikati ya muhula, na mtu kashafanya nusu?

FundiSeva

Swali la maana hilo, nakurudishia heshima yako. Kosa la ukweli, mfano kina cha kifua, rekebisha leo leo hata kama watu wako katikati, na watangazie. Kubadili muundo, kuongeza kurasa au maswali ndani ya H5P, ngoja likizo. Muundo ukibadilika chini ya miguu ya mtu, majibu aliyohifadhi yanaweza kupotea.

BiMajengo

Habari za jioni. Mimi ni mwalimu tu, si mtu wa mitambo, lakini nina neno kwa niaba ya wanafunzi.

Waya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009. Hata hivyo juzi nimemkuta mwanafunzi wangu kwenye feri ya Likoni anahesabu bando kwa MB. Vidio ya dakika 40 hawezi kuifungua, na akiifungua kwa ajili ya dakika 2 za kuungua, hana namna ya kuruka mpaka hapo bila kumaliza bando. Kwa hivyo huku kukata vipande mnakokufanya kwa sababu za ufundi, kwake ni pesa. Mwambieni pia kila kipande kina MB ngapi kabla hajakibofya. Programu ya Moodle ya simu inampa nafasi ya kupakua akiwa na waifai ya chuo kisha asome akiwa nyumbani, hilo watu wengi hawaambiwi.

Lingine, msiandike maneno juu ya picha. Nilipewa mchoro mzuri wa kizima moto, maelezo yote yamechomwa ndani ya picha, kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu wa upishi nataka wasome kwa Kiswahili. Ikabidi nichore upya. Picha iwe na namba, maelezo yakae chini kama maandishi. Hapo mtu anatafsiri bila kumtafuta mchoraji, na asiyeona anasomewa na simu yake.

Na vidio iwe na maandishi chini. Nina wanafunzi wasiosikia, na feri ina kelele pia.

SaniMasomo

Bi, hilo la maneno ndani ya picha naliweka kwenye kanuni zetu kesho asubuhi.

MkufunziKisauni

Nimechukua daftari kabisa. Nimepata picha na vidio nyingi mtandaoni zenye leseni ya Creative Commons, ile ruhusa ya kutumia kazi ya mtu kwa masharti. Naweza kuziingiza tu?

SaniMasomo

Soma herufi za mwisho. BY, taja aliyetengeneza, endelea. Ukiona ND, usiiguse kwa kazi hii, maana huruhusiwi kusambaza kilichobadilishwa, na wewe utatafsiri na kukata. NC inakataza biashara, na chuo cha binafsi kinachotoza karo ni mahali pa kujadiliana na mwanasheria, si pa kubahatisha. Mtego usioonekana ni SA: BY-SA na BY-NC-SA huwezi kuziunganisha zikawa kazi moja mpya, kila moja inadai zao litoke kwa leseni yake. Hii ni sababu nyingine ya kuweka vipande mbalimbali. Vikikaa bega kwa bega kila kimoja na leseni yake hakuna ugomvi, ukivichanganya ndani ya ukurasa mmoja ndipo mambo yanapoanza. Andika leseni na chanzo ndani ya kila kipande, siku ileile ulipokipata.

MkufunziKisauni

Naanza na vipande vitatu basi: kubonyeza, kupumulisha, kuungua. Kurasa za mfuatano kila mkufunzi ataandika yake. Kapteni, ule wa majini nakuomba wewe. La mwisho: nani awe na ruhusa ya kuhariri? Wote wanne wanaitaka.

FundiSeva

Kila kipande mtu mmoja. Wengine wanamwandikia yeye, naye akikubali anabadili. Kwenye majina ya mafaili usiweke jina la kozi wala mwaka, weka lengo: kuungua-kupoza, kifua-mtu-mzima. Toleo, mwenye kipande na tarehe ya kupitiwa tena viwe ndani.

KapteniMstaafu

Ukurasa wa majini nitakuandikia, kwa kalamu, upige picha mwenyewe. Na mwenye kipande cha kupumulisha asiwe mtu wa forodha.

MkufunziKisauni

😂 Mtu wa forodha nampa ujasiriamali. Nitapita kukuchukulia karatasi Ijumaa baada ya swala, Kapteni.